Mahali Yunia Aliponyamaza

Yunia Ayoo hakufundishwa muziki na mtu. Alikuwa mchumaji wa majani chai kwenye shamba moja kubwa nje ya Kericho, na Jumamosi alifagia ukumbi wa wafanyakazi. Saksofoni ilikuwa stoo nyuma ya magunia, imeachwa na bendi ambayo hakuna tena aliyeikumbuka. Mara ya kwanza aliipuliza ili kutoa mende. Mende wakatoka, na sauti ikatoka.

Okello Opondo, karani wa kupima majani, ndiye aliyemkuta hapo. Alikuwa na gitaa, shati la kupigwa pasi na maneno matamu. Mwaka haukuisha wakaoana, na saksofoni ikaingia nyumbani kama mali ya mume.

"Kuipuliza unajua wewe," alimwambia, "lakini mwanamke akijaza mashavu mbele ya wanaume, ni mimi nitachekwa. Wewe nionyeshe tu. Ukumbini nitacheza mimi."

Akamwonyesha. Jioni alishuka kutoka shambani vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, akaweka ugali mekoni, akashika saksofoni. Wimbo ulioitwa Mvua ya Saa Nane aliutunga akiwa amesimama kati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, akingoja ile mvua ya kila alasiri ipite. Jikoni akaucheza, Okello akausikiliza na kuushika.

Lakini chombo kile kilikuwa na kasoro. Ngozi ya kitufe kimoja cha chini ilikuwa imeliwa na panya. Ukikibonyeza, inatoka hewa tupu kama mbuzi anayekohoa. Na wimbo uliitaka sauti hiyo hiyo, pale katikati. Yunia akifika hapo anaikosa, ananyamaza kidogo, anaendelea. Okello alijifunza wimbo pamoja na kule kunyamaza.

Akaenda nao Nairobi. Huko akapata hoteli za kucheza jazi, saksofoni mpya inayong'aa, na mwanamke mwingine wa kumwimbia. Alimwachia Yunia mtoto wao Jairus, na chini ya kitanda saksofoni kuukuu na jozi ya viatu vilivyopasuka. Mashine za kuchuma zilipoletwa, Yunia akapunguzwa kazi. Akahamia Kimulot, akapewa chumba na Sally, mama Mkipsigis mwenye shamba lake la chai, akawa anamchumia.

Siku moja walikuwa wanamenya viazi, redio ikacheza Mvua ya Saa Nane. Mtangazaji akamuuliza Okello kwa nini hunyamaza pale katikati.

"Hapo namkumbuka mama yangu aliyetangulia," Okello akajibu. "Kuna uchungu ambao hauna sauti."

Kisu cha Yunia kikasimama. "Mamake ametangulia wapi? Yuko Ahero, magoti ndiyo yanamsumbua. Mwezi jana nimempelekea dawa mimi."

"Labda ametangulia kwenda sokoni," Sally akasema, wakacheka mpaka viazi vikaanguka. Kicheko kilipoisha, Yunia alikuwa analia. Akamweleza Sally mambo yote, panya na kitufe. Sally aliitikia tu, kama mtu anayeitikia mgonjwa.

Okello alipokuja kucheza kwenye hoteli moja ya Kericho, Yunia alivaa gauni la kanisani akaenda. Hakwenda kudai mume. Alimkuta nyuma ya jukwaa akijipangusa uso kwa leso nyeupe.

"Mama Jairus. Umenenepa."

"Baba Jairus, niko na neno moja. Ukicheza ule wimbo, sema ni wa Yunia. Jina tu. Sitaki kitu kingine."

"Hilo tu? Si wewe ni mke wangu? Kaa hapo mbele, nitasema."

Akakaa mbele. Okello akaucheza wimbo wote, akanyamaza palepale, amefumba macho, na ukumbi mzima ukanyamaza pamoja naye. Alipomaliza akashika maikrofoni.

"Leo tuko na Yunia hapa. Huyu mama ndiye alikuwa ananipikia chai nikiutunga wimbo huu. Mama, simama wakuone."

Watu wote wakageuka. Yunia akasimama. Hilo ndilo linalomla mpaka leo, kwamba alisimama, akapigiwa makofi kwa ajili ya chai.

Aliporudi Kimulot alivuta vile viatu vya Okello, akakata ulimi wa kimoja kwa wembe, akaupima kwenye kitufe, akaubandika kwa gundi. Akangoja ukauke. Akabonyeza. Sauti ikatoka nzito, nzima, ile aliyoisikia kichwani tangu siku ya kwanza. Akaurudia wimbo peke yake chumbani, na kwa mara ya kwanza haukuwa na shimo. Akajiambia watu wakiusikia hivi, wenyewe watajua mwenye wimbo ni nani.

Nafasi ikaja siku ya koito ya binti wa Sally, watu wa mume walipofika kuposa. Baada ya chakula Sally akamwita acheze. Wageni walipoutambua wimbo wakatabasamu. Yunia akafika katikati, akajaza mashavu mbele ya wanaume wote, akaitoa ile sauti.

Wageni wakatazamana. Mzee mmoja akashusha kikombe chake. Sally akainama sikioni mwa Yunia, kwa upole, maana alimpenda kweli.

"Mama Jairus, hapo katikati umeharibu. Opondo huwa ananyamaza hapo. Anza tena, ucheze kama yake."

Yunia akamtazama. Mtu pekee aliyewahi kuambiwa habari ya kile kitufe alikuwa huyu, na ndiye huyu aliyekuwa anamrekebisha. Akafuta mdomo kwa pindo la leso aliyojifunga, akaanza tena. Alipofika pale, kidole kilikuwa tayari juu ya ule ulimi wa kiatu. Hakukibonyeza. Akanyamaza kama Okello, na wageni wakatikisa vichwa kwa utamu.