Mafuta ya Cherehani kwenye Soketi

Hadi mwisho wa maisha yake, Bi Pindo hakuwahi kutoka nyumbani bila kuchomoa kila plagi ukutani. Kuzima swichi hakukumtosha. Ya pasi, ya birika, ya redio, zote zilichomolewa na kulazwa sakafuni, ndipo akafunga mlango. Jina la Bi Pindo alipewa na wateja wake: alishona miaka arobaini, na hakuna gauni lililotoka mikononi mwake kabla pindo halijafumuliwa na kushonwa upya.

Kazi ilianza nyumba ilipowekewa soketi mpya. Zilikuwa ngumu ajabu, na vidole vyake, vilivyopindishwa na mkasi, havikuwa na nguvu tena. Jumamosi moja bintiye, mwalimu aliyeishi upande wa pili wa mji, alimkuta amechubuka kiwiko.

"Umeanguka, Mama?"

"Nimekaa chini kwa haraka."

Ukweli ulitoka kidogo kidogo. Alikuwa ameegemeza mguu ukutani, akavuta plagi ya pasi kwa mikono miwili, ikamwachia ghafla.

"Basi, unahamia kwangu."

"Kwako nikae wapi? Juu ya kabati la vyombo?"

"Sitanii. Huwezi kuishi peke yako ikiwa hata plagi inakushinda. Ichomoe hii mbele ya macho yangu, nami suala la kuhama sitalitaja tena."

Bi Pindo aliitazama soketi, kisha cherehani yake pale dirishani, na kiti kilichokwisha kubonyea kwa umbo lake. Akasema ana kiu.

Binti aliporudi na glasi ya maji, mama yake aliinama, akazima swichi, akaichomoa plagi kwa vidole viwili. Iliteleza kama uzi kwenye sindano. Binti alitaka kupiga makofi, ila pua yake ikamzuia.

"Mama, nini kinanukia?"

"Wapi?"

"Umeipaka plagi mafuta ya cherehani!"

"Kila kilichokaza humu ndani nimekilegeza kwa mafuta hayo. Bawaba, mkasi, hata zipu za marehemu baba yako."

Binti alikimbilia swichi kuu, akazima umeme wa nyumba nzima, akampigia simu fundi umeme. Fundi alifika, pande la mtu, akaisikiliza kesi yote bila kucheka.

"Mama, mafuta na umeme havikai pamoja. Ungeiunguza nyumba."

Kisha akashika plagi ya birika, ambayo haikupakwa kitu, akaivuta. Haikutoka. Akabadili mkono, akakaza meno. Ikatoka alipoivuta mara ya tatu, naye akajifuta jasho.

Bi Pindo alimgeukia bintiye. "Na huyu naye anahamia kwako?"

Fundi hakujizuia tena. Alicheka hadi akakaa chini. Juma lile alizing'oa soketi zote, akafunga nyingine laini usawa wa kiuno, na kila plagi akaibadilisha kwa yenye kishikio cha kupitisha kidole. Binti alishika ahadi yake.

Bi Pindo aliishi pale miaka minne zaidi. Jumamosi ya mwisho bintiye aliingia moja kwa moja, akaanza kufungua makabati na kukagua unga. Mama yake alimwacha amalize, akamsindikiza hadi mlangoni, akamrekebishia kola.

"Siku nyingine upige hodi, mwanangu. Nyumba hii ina mwenyewe."