Mchuzi wa Mwashi

Mwashi huyu kuta za watu alizijenga, zake zilisubiri. Siku moja mhandisi Mjapani wa pale kazini alimpa pakiti ya viungo vya kari, vimegandishwa vipande vipande kama chokoleti. Jumamosi akamfukuza mkewe jikoni.

"Leo kaa sebuleni, uletewe."

Akakaanga vitunguu, akachemsha nyama ya ng'ombe, viazi na karoti mpaka vikalainika, akazima moto, akatia vipande viwili. Alipokoroga, mchuzi ukachuruzika mwikoni. Roho ikamuuma. Yeye na mchanganyiko mwepesi wapi na wapi! Akamwaga pakiti nzima. Mwiko ukasimama wenyewe katikati ya sufuria, naye akatabasamu.

Akapakua wali upande mmoja wa sahani, ukingo umenyooka kama uliopimwa kwa kamba, mchuzi upande wa pili.

Mkewe akaonja, akaonja tena, kisha kupitia mlangoni akautupia jicho ukuta wa jikoni na ufa wake anaoahidiwa kuzibiwa kila mwaka.

"Baba watoto, mtamu, sikatai. Ila utakaobaki, zibia ule ufa."

Fundi akanuna, lakini akala sahani mbili.

Asubuhi ufa ulikuwa umezibwa, laini kama kioo. Mkewe akausogelea, akaunusa kwanza.