Kwa Mzungu, Juu ya Maporomoko

Goti la mathe lilikuwa limekwisha, na daktari alishasema: baada ya upasuaji, milima basi. Ndiyo maana Jumamosi hiyo tulitoka Buruburu asubuhi na mapema, mimi nimenuna, yeye amevaa raba zangu za zamani. Alitaka jambo moja tu: kukaa sebuleni kwa mzungu. Nyumba hiyo iko upande wa Thika, juu ya maporomoko ya maji, na ndimo nyanya yangu, mama yake, alimokuwa mpishi miaka mingi. Yeye mwenyewe utotoni hakuwahi kuruhusiwa kupita zaidi ya jikoni.

"Mathe, pale hakuna sebule," nilimwambia. "Ni mawe na magugu."

"Nimekuuliza? Nilikubeba mgongoni kutoka Ziwani hadi Buruburu, na sikununa."

Basi tukapanda. Kwenye maporomoko, vijana waliokuwa wakipigana picha walimshangilia: "Shosho, uko juu!" Akawapungia mkono, lakini maji hata hakuyatazama. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka. Nikaanza kuogopa, nikajuta kubishana naye. Aki, ningembeba kama angekubali.

Gofu halikuwa na paa. Ukuta wa mbele ulibaki nusu, na pale palipokuwa na mlango palikuwa wazi, na ngazi tatu nzuri za mawe. Niliruka ndani nikamnyooshea mkono.

"Pita hapa, mathe. Tumefika."

Akazitazama ngazi, akanitazama mimi, kisha akageuka na kuanza kuizunguka nyumba, akipasua magugu kwa fimbo yake.

"Unaenda wapi na goti hilo? Mlango si huu?"

"Huo ni wa wenyewe," akasema bila kugeuka.

Wenyewe! Watu walioondoka kabla mimi sijazaliwa! Nilishikwa na hasira hadi machozi yakanilenga, na hasira yenyewe haikuwa juu yake. Nilisimama tu pale sebuleni, majani yamenifika kiunoni, nikimsikia akipiga kite kila anapokanyaga vibaya.

Hatimaye akatokea upande wa nyuma, palipokuwa jikoni. Akainama kwa taabu, akavua raba, akazipanga kando ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Hapakuwa na wa kumwitikia ila mimi.

"Karibu, mama," nikasema. "Pita ndani, uje ukae."