Jina Moja kwa Kila Mtazamo

Kwa miaka ishirini na sita Teng Shu-hsia alihakiki majina ya wafadhili wa mahekalu katika karakana yetu ya mawe, mjini Hualien. Jina huandikwa kwanza kwa rangi juu ya jiwe, ndipo lichongwe. Yeye aliangalia karatasi ya orodha, akaangalia jiwe, akarudi kwenye karatasi. Jina moja kila mara.

Mwezi wa tano Bwana Chiu, mtoto wa mwenye karakana, alirudi kutoka kozi ya uongozi na miwani yenye kamera inayofuata mboni za macho. Alimvisha Shu-hsia miwani hiyo siku nzima, kisha akabandika grafu ukutani.

"Dada, macho yako yamekwenda na kurudi mara elfu mbili na mia moja."

"Yalikuwa kazini, bosi. Hata sokoni hayakupita."

"Kuanzia leo majina matatu kwa mtazamo. Ukishindwa, mwisho wa mwezi naleta mashine ya kuhakiki."

Shu-hsia alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Akajitahidi.

Jiwe lililofuata lilikuwa la ukumbi wa ukoo wa Chiu wenyewe. Humo majina ya ndugu wote huanza na herufi mbili zilezile za Kichina, Chiu na Wen. Ni ya tatu tu inayowatenganisha. Grafu ilishuka vizuri. Bosi akampa boksi la keki za nanasi.

"Zamani jicho likitua mstari wa jirani, lilijishtukia likarudi," Shu-hsia aliniambia akila keki bila raha. "Lilikuwa bado na sura ya jina. Sasa nalibebesha matatu, likiona Chiu, likiona Wen, linaridhika."

Alimwomba bosi ruhusa ya kuhakiki upya jiwe zima.

"Utaniharibia wastani," bosi akasema. Jiwe likachongwa.

Siku ya uzinduzi wa ukumbi baba yake bosi, mzee Chiu Wen-hsiung, alilisogelea jiwe, akakaa hapo muda mrefu.

"Nitafute," akamwambia mwanawe.

Bosi alitazama orodha, akatazama jiwe, akarudi kwenye orodha. Nyuma yake Shu-hsia alihesabu kimya safari za shingo yake. Alipofika themanini aliacha, kwa huruma.

"Halipo, baba."

Mzee akageuka. "Shu-hsia, jiwe jipya utalihakiki wewe."

"Jina mojamoja, mzee?"

"Mojamoja. Langu lipitie mara mbili."

Jumatatu ukutani, mahali pa grafu, palibaki gundi tu.