Mwanga Uliotoka Mkiani mwa Ndege

Utasema nimechanganyikiwa, na labda ni kweli. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, watu wakiwepo, hapa hapa mjini Baraka, kwenye kiwanja cha ndege. Sikusimuliwa na mtu.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo. Katika ile yetu, habari za mkiani hazimfikii rubani kwa waya wa shaba. Hupita kama mwanga ndani ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Uzi ukivunjika, rubani hajui mkia umekaaje. Kuupima ni kazi ya watu wawili: mmoja mbele anawasha tochi nyekundu kwenye ncha ya uzi, mwingine mkiani anaangalia kama mwanga umefika. Jenereta ina kelele, kwa hiyo hatuitani, tunagonga bodi ya ndege. Mara moja, umefika. Mara mbili, acha, usiendelee.

Siku hiyo ndege ilikuwa ya kumbeba dada yangu Furaha. Alikuwa na mimba kubwa, anavuja damu, na daktari alisema apelekwe Bukavu haraka. Rubani akalalamika kioo chake cha vipimo hakionyeshi mkia. Basi nikaingia mbele na tochi, mwenzangu Amisi akaelekea nyuma.

Nikawasha. Hakuna aliyegonga. Nikachomoa tochi ili nisafishe ncha, na hapo, niamini, doa la mwanga mweupe likaangukia kiganja changu, kutoka ndani ya uzi. Likazimika. Likaja tena. Mara mbili.

Kwanza nilicheka. Amisi na utani wake! Halafu nikakumbuka tochi tuliyo nayo ni moja tu, na nimeishika mimi. Simu yake? Ilikuwa inachajiwa miguuni pangu.

"Amisi! Unawasha na nini kule nyuma?"

Akajibu kutoka mlangoni, ameshika machela ya Furaha. "Nyuma gani? Mi sijafika nyuma. Bamama baliniita nibasaidie kubeba."

Sasa nani alikuwa mkiani? Nilitoka mbio. Mtu mwenye ovaroli ya bluu kama yetu alikuwa ameinama chini ya mkia, amenipa mgongo, anafunga kifuniko cha ncha ya uzi taratibu kabisa. "We nani?" Hakugeuka. Nikazunguka upande wa pili nimwone uso. Hapakuwa na mtu. Kiwanja ni wazi, nyasi fupi, angekimbilia wapi? Na kifuniko kilikuwa kimefungwa.

Tukapima upya, safari hii Amisi kweli yuko mkiani. Akagonga mara moja. Kioo cha rubani kikaonyesha kila kitu.

Rubani wetu haruki bila neno la fundi. "Mufundi, turuke ao tusiruke?"

Mama akanishika mkono. "Mutoto wangu, ndugu yako iko anakufa. Sema ndiyo."

Nikasema tusiruke. Kwa nini? Sikuwa na sababu hata moja ya kumpa mtu, ila ule mwanga kiganjani, mara mbili: acha. Niliogopa, basi. Furaha akapakiwa kwenye gari, wakashika barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Yeye alifika hai. Mtoto alifia tumboni njiani.

Tuliifungua ndege yote. Uzi mzima, hauna hata mkwaruzo. Kesho yake ikaruka bila abiria, ikarudi salama. Je, nilionywa, au nilichezewa? Furaha, anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, huniambia, "Yaya, uliniokoa, ile ndege ingeanguka na sisi." Mama anasema mtoto nimemuua mimi, haitikii hata salamu yangu. Nikiwa na mmoja namwamini huyo, nikiwa na mwingine namwamini yule.

Wewe unayefanya kazi hii, kabla hujawasha tochi, zima jenereta, mwite mwenzako kwa jina, akujibu kwa sauti unayoijua. Na ukijibiwa na mwingine, usije kuniuliza ufanye nini. Mimi nilimtii, na mtoto wa dada yangu tumemzika.