Kijani Kisichong'aa

Mama alipofariki, baba alihamia kwangu Mkolani, akaketi kwenye kiti cha plastiki barazani, na akagoma kuinuka kwa jambo lolote lisilokuwa chakula, choo au kanisa. Mwaka mzima. Mtu aliyeendesha magari ya jeshi mpaka akastaafu, sasa hata kufika mjini anasema ni mbali. Niliumia sana, na mimi nikiumia huwa nanunua vitu. Nikanunua gari kuukuu la jeshi, la aina ileile aliyokuwa akiendesha yeye. Aliyeniuzia alikuwa amelitumia kubebea samaki miaka mingi, akalipaka bluu na kuchora sangara mlangoni.

"Siendeshi gari la sangara," baba alisema, akaendelea na chai yake.

Haya. Nikajiambia, gari likirudia rangi yake ya jeshi, mzee mwenyewe ataomba ufunguo. Nikashika msasa. Chini ya bluu kulikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe ile nyekundu ya kuzuia kutu, na nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kupaka, kipande cha kijani cha zamani ukubwa wa kiganja. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akachungulia kuuliza nani kajifungua.

Nikaenda Mirongo kwa fundi wa kuchanganya rangi. Nilirudi na kopo, nikapaka mlango mmoja, nikamwita baba atazame.

"Hiyo ya madirisha ya shule," akasema bila kuinuka.

Nikarudi Mirongo. Kopo la pili baba akaliita parachichi. Safari ya tatu nilikibandua kibati cha nyuma ya dashibodi chenye kile kijani cha zamani, nikakiweka mbele ya fundi na kumwambia siondoki mpaka zifanane. Tulichanganya hadi adhuhuri, nyeusi tone, njano tone, tunakimbilia nje juani kulinganisha kama watu waliorogwa. Zilipofanana tukapeana mikono.

Nilipaka mlango, baba akautazama.

"Rangi ndiyo," akasema. "Lakini inang'aa. Gari la jeshi ling'ae ili nani alione?"

Na hapo, jamani, akainuka. Akaagiza mafuta ya taa, chekecheo la unga na udongo mkavu wa nyuma ya choo. Akachekecha udongo kwa chekecheo langu zuri, akauchanganya na rangi, akakunja mikono ya shati akaanza kupaka. Kijani kilikauka kikafifia, hakina mng'ao hata kidogo. Siku tatu alinikemea kama askari mpya: brashi iende upande mmoja, mama, hupaki ukuta. Nilikemewa nikacheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu kile kiti cha barazani kilikuwa kitupu na kuku amelala juu yake.

Tulipomaliza nilimpa ufunguo. Akawasha, akazunguka nyumba mara tatu, akalaza mchicha wangu wote, akazima.

"Twende mjini basi," nikasema.

"Na rangi hii? Raia haruhusiwi kuingia barabarani na rangi ya jeshi. Hata sare tu huvai."

Mtanzania gani asiyejua hilo? Mimi, kwa furaha zangu, nililisahau kabisa.

"Sasa baba, mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ulikuwa unakosea rangi. Ningekaa nitazame tu?"

Niliingia ndani nikalia, nusu hasira, nusu sijui nini. Nilijua kesho atarudi kwenye kiti chake.

Asubuhi nilimkuta uani, kofia kichwani, msasa mkononi, ameshakwangua mlango mmoja.

"Shikamoo baba. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nenda Mirongo kalete nyeupe. Nataka kwenda Pasiansi kuliona ziwa."

Nilikwenda nusu natembea, nusu nakimbia. Fundi aliniuliza nyeupe ipi, maana zipo za aina tano.

Nikamwambia yoyote.