Miksa Niliyoichagua kwa Vidole

Sioni tangu utotoni, na kazi yangu ni kusoma matangazo ya vifo katika redio ndogo hapa Tunduma. Nina kompyuta mbili: moja inapiga nyimbo za maombolezo, nyingine inaninong'oneza tangazo masikioni, nami nalirudia kwa sauti yangu. Kwa miaka mingi hakuna msikilizaji aliyejua kwamba tupo wawili.

Siku walipojua, nilikuwa natangaza msiba wa mzee mmoja wa kata ya Ruanda. Nilipofika mahali pa kutaja saa ya mazishi, miksa yetu mbovu, chombo cha kuchanganya sauti, ikaiachia kompyuta idakie hewani: "Betri imebaki asilimia kumi." Nilitamani ardhi ipasuke. Meneja hakufoka. Alisema tu kwamba nisipopata chombo cha kuzitenganisha sauti hizo ndani ya wiki, nitahamia mapokezi. Mimi sikujifunza kutangaza ili niwaelekeze wageni choo kilipo.

Kesho yake nikabeba kompyuta na hedifoni hadi duka la vyombo vya muziki. Muuzaji, mtu mzima mwenye maneno matamu, akaniwekea miksa mpya, uso wake kioo kitupu, akawa anazisifu taa zake. Nikamwambia taa awawekee wenye macho. Nikamwomba aizime na kuiwasha tena, maana umeme wetu tunaujua. Ilipowaka ikanyamaza; muuzaji akakiri kwamba inasubiri mtu achague kitu kwenye kioo.

Kwenye rafu ya chini alikuwa na nyingine ya zamani, nzito, ya vitufe. Aliona haya kunipa, kana kwamba ananidhulumu. Nikaipapasa. Kila kompyuta ilipata kitufe chake cha kusogeza juu na chini, na nyuma kulikuwa na njia mbili za kutolea sauti, moja ya hewani na moja ya masikio yangu. Nikachomeka spika ya duka kwenye njia ya hewani, nikavaa hedifoni, nikateremsha kitufe cha kompyuta ili sauti yake isiende hewani. Kompyuta ikaanza kunisomea.

Nikamuuliza, "Kaka, unasikia nini?"

"Sisikii kitu, dada."

"Basi nifungie hiyo."

Miezi ikapita. Siku moja akaja studio binti wa yule mzee wa Ruanda, ameleta tangazo la ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba yake. Nilijua anayo haki ya kumtaka msomaji mwingine.

"Usome wewe," akasema. "Ila yule mwenzako wa betri leo apumzike."

Tukacheka, mimi machozi yakinilengalenga. Akaketi karibu yangu, nikaanza kusoma. Katikati ya tangazo kompyuta ikaninong'oneza kwamba betri imebaki asilimia kumi. Binti hakusikia kitu. Nikamtaja baba yake kwa majina yake yote matatu, bila haraka.